Mnajimu Aliyeuliza Habari za Taa

Tangu nilipotoka Arua nimeishi katika miji saba, na katika kila mji nimekuta watu wanaotafuta mtu wa kuwasomea kesho yao. Wengine hutafuta mpiga ramli, wengine shehe mwenye kitabu, wengine mnajimu wa Kihindi. Wote huuliza jambo moja: nani anasema kweli? Mimi mwenyewe si mtu wa nyota. Nilizaliwa katika nyumba ya Wanubi wa Uganda, Waislamu, na bibi yangu angenifukuza jikoni kwa kulitaja tu jambo hilo. Lakini mwaka mmoja, pale Arua, nilisaidia kumtafuta mnajimu kama mtu anayetafuta daktari, kwa sababu rafiki yangu alikuwa karibu kuozwa kwa mtu asiyemtaka.

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa serikali ya wanajeshi, mwaka mmoja kabla Wahindi hawajaambiwa waondoke. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumemaliza sekondari pamoja. Yeye alikuwa Mhindi, Mgujarati, binti pekee wa mjane aliyekuwa na duka la vitambaa. Baada ya shule mjane aliniajiri niuze kwenye kaunta, maana nilijua Kinubi, Kilugbara na Kiswahili, na nilijua pia wanawake wa mtaa wetu wanapenda uzi wa rangi gani kwa mashuka yao ya kutarizi. Yule mjane nilimwita Ba, kama binti yake alivyomwita. Ni neno lao la mama.

Katika kabati la chuma, chini ya hati za nyumba, Ba alitunza karatasi ya nyota ya binti yake. Kila mtoto wao alikuwa nayo. Baba huandika siku, saa na mahali mtoto alipozaliwa, kisha mnajimu huchora mraba wenye nyumba kumi na mbili na kuweka kila nyota katika nyumba yake. Ikija habari ya posa, familia mbili hubadilishana karatasi kabla ya kubadilishana jambo jingine lolote. Karatasi zikikataana, chai hainywewi mara ya pili.

Karatasi ya rafiki yangu ilikataliwa mara mbili. Mirihi, ile nyota nyekundu, ilikuwa imekaa katika nyumba ya saba, ambayo ni nyumba ya ndoa, na kwa imani yao msichana wa namna hiyo hufupisha maisha ya mume. Aliyelitamka hilo alikuwa pandit mmoja, kuhani wa dini yao, aliyekuja kutoka Kampala mara mbili kwa mwaka na kufikia kwa mfanyabiashara tajiri kuliko wote mjini. Alikuwa na sauti nzuri, viatu vilivyong'aa na kisanduku cha pete.

Halafu akatokea kijana wa Gulu. Rafiki yangu alikuwa amemwona kwenye harusi ya binamu yake, wakaongea kidogo karibu na sufuria za wali, na aliporudi Arua alikuwa mtu mwingine. Kijana alikuwa anauza vipuri vya baiskeli. Alikuwa amelelewa na mjomba wake, na mjomba akaandika barua ya adabu: wamempenda binti, wanaiheshimu nyumba, lakini wamesikia maneno kuhusu karatasi yake. Baada ya mwezi mmoja angekuja mwenyewe Arua kuiona. Ikiwa mbaya, wasilaumiane.

Pandit alikuwa mjini wiki ile. Ba akamwita. Akaitazama karatasi, akatikisa kichwa, akafungua kisanduku chake na kutoa pete ya marijani ya kupoza Mirihi. Akasema pete peke yake haitoshi kwa kijana wa Gulu. Dawa kamili ilikuwa mume mwenye Mirihi kama hiyo hiyo, na kwa bahati alimjua mmoja huko Kampala, mjane wa kiume, mtu wa heshima, mwenye nyumba mbili.

Asubuhi yake nilimkuta rafiki yangu anapanga majora ya khanga, macho yamevimba.

"Ulimwona lini huyo mtu wa Kampala?" nikamuuliza.

"Mwaka jana. Tulikwenda kuhani msiba kwao. Meno yake yanalala kwenye glasi, dada. Yeye analala kitandani, meno yanalala kwenye glasi. Mimi nitalala wapi?"

Tulicheka mpaka akaanza kulia tena. Ba alikuwa amesimama mlangoni, na sikujua amesikia kiasi gani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye Kiswahili chake cha dukani ambacho hakuna aliyethubutu kukicheka.

"Mimi iko mjane miaka sita," akasema. "Mimi napima kitambaa kila siku. Mtu akileta jora moja, akisema hii pamba safi, mimi nafanya nini?"

"Unachoma uzi, Ba, uone kama ni pamba," nikasema.

"Basi. Hii pandit, nani alichoma uzi yake?"

Tuliamua kumjaribu kabla hajaondoka. Wazo lilikuwa la Ba, wala si letu. Alichukua karatasi ya nyota ya marehemu mume wake, akalifunika jina kwa kipande cha karatasi, akampelekea pandit akisema ni ya ndugu anayetaka kujua mambo ya biashara. Nilikwenda naye kubeba mfuko wa maembe ya zawadi, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Pandit hakuuliza ndugu huyo ni nani, anaishi wapi wala ana miaka mingapi. Alivaa miwani, akahesabu kwenye vidole, akasema kwa ile sauti yake nzuri kwamba mtu huyu ana afya ya chuma, atanunua jengo ndani ya miaka miwili, ila ajihadhari na tumbo.

Ba akaikunja karatasi polepole. "Yeye iko makaburi ya moto kule mtoni," akasema. "Sisi tulichoma yeye miaka sita sasa. Ukimwona, sema jengo tafadhali anunue karibu na duka."

Pandit akageuka rangi. Akasema alipewa saa isiyo sahihi, akasema watu wa wilaya hii hawana elimu, akasema wanawake wawili wamekuja kumtukana. Tulipofika barabarani nilidhani Ba atacheka, lakini alikuwa anaipangusa ile karatasi kwa pindo la sari. Alikuwa amemtumia mume wake kama mtego, na hakupenda. Hata hivyo hakurudi nyuma. Siku iliyofuata aliirudisha pete.

Sasa tulikuwa na wiki tatu na hatukuwa na mnajimu. Ba aliandika barua Jinja na Kampala. Mmoja alijibu kwa bei, hakuuliza hata jina la binti. Mwingine aliahidi kuiondoa Mirihi kwa sala za siku arobaini, sala ambazo angezisomea huko huko aliko. Ba akazitia barua zote mbili kwenye jiko la mkaa, akapika chapati juu yake.

"Yupo mzee mmoja hapa hapa," rafiki yangu akasema siku moja, kwa wasiwasi. "Yule mwalimu wa hesabu."

Ba akakunja uso. Mzee huyo alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya msingi ya watoto wa Kihindi, kisha akastaafu, na aliishi katika vyumba viwili nyuma ya kinu cha mafuta ya pamba. Alijua unajimu tangu ujana wake India. Lakini hakuna aliyekwenda kwake mara mbili. Watu walisema ana maswali kuliko polisi. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alikwenda kuuliza kama afungue duka la pili Koboko, na mzee akamjibu, "Sijui." Jibu hilo lilitembea mji mzima kama fedheha. Mtu anakulipa, unamwambia hujui?

"Mimi nitakwenda," nikasema. "Mtu anayesema hajui, angalau tunajua amesema kweli mara moja."

Tulikwenda watatu, siku ya Jumamosi mchana. Mzee alitupokea kwa fulana na shuka nyeupe, akatupa viti viwili na ndoo iliyopinduliwa. Ndoo nikaichukua mimi. Ba, ambaye sasa alikuwa amezoea kuchoma uzi, alitoa kwanza ile karatasi ya marehemu. Mzee akaitazama kidogo tu.

"Huyu mtu yuko hai?"

"Wewe soma tu," Ba akasema.

"Mama, nikisoma karatasi ya mtu ambaye hakunituma, ninachungulia dirisha la watu. Na kama ni mtego, mimi nitatumbukia kama mwingine yeyote. Karatasi haina alama ya kusema huyu amekufa. Anayekwambia anaiona, mkimbie. Anayekwambia mtu ataishi miaka tisini, mkimbie vilevile. Sasa leta ile iliyokuleta."

Ba akaona haya, nikaiona haya yake, akatoa karatasi ya binti. Mzee aliitazama muda mrefu. Akachukua kitabu kikuukuu chenye safu za tarakimu, akaandika, akafuta. Alikuwa na penseli fupi ambayo ilikuwa inapotea kati ya vidole vyake. Mwisho akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mtoto alizaliwa Koboko, sivyo? Ulipomwona uso mara ya kwanza, chumbani kulikuwa na taa?"

"Taa?" Ba akasema. "Ndiyo. Taa ya mafuta. Mimi nakumbuka, yaya alileta taa karibu, mimi naona nywele nyingi."

"Yaya gani?"

"Si yaya. Mkunga. Bibi ya huyu," akanionyesha mimi juu ya ndoo.

Ndivyo ilivyokuwa. Bibi yangu alikuwa mkunga wa Koboko, na watoto wengi wa maduka yale, wa dini zote, walipita mikononi mwake. Nilijua tangu utotoni kwamba alimpokea rafiki yangu. Ilikuwa habari ya kutaniana tu, kwamba sisi ni ndugu wa mkono mmoja.

Mzee akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa mumeo ameandika saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Mwezi wa sita. Kwa saa za Uganda za mwaka ule, wakati huo jua la Koboko bado linawaka. Mtu haleti taa. Labda chumba kilikuwa cha giza, labda dirisha lilifungwa. Inawezekana. Lakini karatasi yako na taa yako hazipatani, na Mirihi iko ukingoni kabisa. Ikiwa mtoto alizaliwa jua limezama, Mirihi inatoka nyumba ya saba, inaingia ya sita, na hakuna neno. Ikiwa alizaliwa jua lingali juu, pandit alisema sawa."

"Basi andika limezama," rafiki yangu akasema haraka.

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, mimi nilifundisha watoto hesabu miaka ishirini na minane. Wote walitaka niandike jibu wanalolitaka."

"Na kama tukienda kuuliza, tukakuta ni mbaya?"

"Itakuwa mbaya. Nami nitaiandika mbaya, na mjomba wa Gulu akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo. Fikirini kwanza kabla hamjakwenda."

Tulitoka nje. Kinu kilikuwa kimesimama kwa siku ile, na harufu ya mbegu za pamba ilikuwa nzito. Rafiki yangu alitembea mbele yetu, hatua kubwa kubwa, sari imekunjwa mkononi ili isiguse vumbi. Kwenye kona akasimama. "Dada, nenda Koboko," akaniambia. "Mimi sitaki kuolewa kwa saa ya uongo. Nikiolewa hivyo, kila akikohoa nitadhani namuua."

Nilikwenda Jumatatu juu ya lori la tumbaku. Tulipita Manibe na mashamba yake ya mihogo, nikafika Koboko mchana, nikaambiwa bibi yuko shambani Midia. Nikaenda kwa miguu. Nilimkuta ameinama katika karanga, jembe mkononi, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani. Hakuacha kupalilia kwa ajili yangu.

"Wewe umefukuzwa kazi?"

"Hapana, haboba." Ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi.

"Umepata bwana?"

"Hapana."

"Basi chukua jembe ile."

Nilichukua jembe. Tukapalilia mstari mzima kabla sijaruhusiwa kusema. Nilipomweleza habari ya nyota akatema mate pembeni. "Mambo ya nyota mimi hapana taka sikia. Mungu peke yake." Lakini nilipomuuliza saa aliyozaliwa mtoto wa duka la vitambaa, akasimama wima, mkono kiunoni.

"Ile siku mimi nafunga. Ilikuwa Ramadhani. Tangu asubuhi mimi iko na ile mama, yeye analia, mimi nampangusa uso, mimi hapana kunywa hata maji. Yeye alikuwa mutoto, miaka kumi na nane, amekuja juzi kutoka India, hapana jua mutu hata mmoja. Nasikia adhana ya magharibi. Nasema, Mungu wangu, sasa naweza kunywa. Lakini kichwa ya mutoto inatoka! Nifanye nini? Niache mutoto nikunywe chai? Mutoto akatoka, akalia, nikamfunika, nikamupa mama yake, ndiyo nikachukua gilasi ya maji. Kwa mukono yenye damu, nikunawa juu juu tu. Maji tamu kama ile mimi sijakunywa tena."

"Kwa hiyo jua lilikuwa limezama."

"Wewe nani alikufundisha dini? Adhana ya magharibi inatoka jua iko juu?"

"Lakini bwana wa duka aliandika saa kumi na mbili na dakika tano, haboba. Mwalimu anasema wakati huo jua lilikuwa bado."

Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye mpini wa jembe. "Ile saa ya ukuta! Ile saa ya duka ilikuwa ya Sudan!"

Akanieleza. Miaka ile biashara yote ya Koboko ilikuwa inatazama ng'ambo ya mpaka, Sudan. Malori ya Yei yalikuja na ngozi na kurudi na nguo na chumvi, na lango la mpaka la upande wa pili lilifunguliwa na kufungwa kwa saa za Sudan, ambazo zilikuwa nyuma ya saa zetu kwa robo tatu ya saa. Bwana wa duka alichelewa mara mbili, mzigo wake ukalala mpakani, basi akaigeuza saa ya ukutani iende kwa saa za Sudan na kuiacha hivyo miaka yote aliyokaa Koboko. Wateja wote walijua. Walimtania kwamba duka lake liko Uganda lakini saa yake inaishi Yei. Aliyekuwa hajui ni mkewe, bibi harusi mgeni aliyekaa vyumba vya nyuma, ambaye hakuwa na sababu ya kuitazama. Baada ya mwaka mmoja walihamia Arua. Baba aliyefurahi alikuwa ametoka chumbani, akatazama saa ya ukutani, akaandika alichokiona bila kukumbuka kwamba ni saa ya Sudan.

Nilipiga hesabu palepale kwenye udongo kwa ncha ya jembe. Saa kumi na mbili na dakika tano za Sudan zilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini za Uganda. Jua lilikuwa limezama.

"Haboba, lazima uje Arua."

"Kwa nini? Umeshasikia. Kaseme."

"Wataniambia mimi ni rafiki yake. Watasema nimetunga."

Akatazama karanga zake, mistari iliyobaki, kisha akanitazama mimi kwa hasira ya kweli. "Kwa mambo ya nyota?"

"Kwa ajili ya mtoto uliyemwachia maji."

Tulipalilia mpaka jioni, na siku ya pili yake, na alipoona shamba limekuwa safi ndipo akakubali.

Mjomba wa Gulu alikuja siku aliyoisema. Alikuwa mtu mnene mwenye utani, aina ya mtu ambaye utani wake una meno. Ba alipanga viti sebuleni juu ya duka. Mwalimu alivaa koti. Rafiki yangu, kwa desturi yao, alikaa nyuma ya pazia la jikoni, na mimi nilikuwa karibu naye nikimimina chai, kwa hiyo nilisikia pumzi yake muda wote. Bibi yangu alikaa kwenye kiti chenye mikono, amevaa nguo zake za Idi, miguu haifiki chini vizuri.

Mwalimu alieleza kwanza. Hakupamba. Alisema hapa kuna saa iliyoandikwa, hapa kuna sababu ya kuitilia shaka, huyu ni shahidi. Alisema saa ya Sudan ikikubaliwa, Mirihi iko nyumba ya sita. Ikikataliwa, iko ya saba. "Mimi naikubali," akasema. "Wewe huna lazima."

Mjomba akamgeukia bibi. "Mama mzee, miaka ishirini imepita. Mimi jana nilikula nini, sikumbuki. Wewe unakumbuka dakika?"

"Mimi sikumbuki dakika," bibi akasema. "Mimi nakumbuka kiu."

"Labda rafiki wa msichana amekufundisha maneno."

"Huyu?" Bibi akaonyesha pazia kwa kidevu. "Huyu mimi nilimufundisha kupalilia juzi, na bado hajui. Bwana, ninyi hamufungi?"

"Tunafunga. Mama yangu alifunga kila Jumatatu."

"Na siku ya kufunga, mama yako alikosea saa ya kula hata mara moja?"

Tumbo la mjomba likaanza kutikisika kwa kicheko. "Hapana. Alikuwa anakaa mlangoni akitazama mbinguni kama polisi." Akajifuta macho. Lakini alipoacha kucheka aliuliza tena, sasa bila utani. "Na duka la marehemu? Nitajuaje kuhusu hiyo saa?"

"Panda gari uende Koboko," bibi akasema. "Uliza mutu yeyote mwenye nywele nyeupe. Uliza Kuluba kule mpakani, uliza sokoni. Mimi nitangoja hapa. Chai ya huyu mama ni nzuri."

Mjomba akaweka kikombe chake mezani. Nilidhani atakwenda kweli. Alimtazama mwalimu, akamtazama Ba, ambaye hakuinamisha macho. Kisha akamuuliza mwalimu, "Pandit wa Kampala alisema jambo jingine. Ana jina kubwa. Kwa nini nikuamini wewe?"

"Aliuliza nini?" mwalimu akajibu.

"Sikusikia kwamba aliuliza kitu," mjomba akakiri.

"Na hii ndoa ikifungwa, itakuwa na raha?" mjomba akaendelea kuuliza.

"Hiyo sijui."

"Hujui?"

"Nimekueleza ninachoweza kukipima. Raha siwezi kuipima. Waulize wao wawili baada ya miaka kumi."

Hapo pazia lilisogea. Sikuweza kulizuia, na sina hakika kama nilijaribu. Rafiki yangu aliingia sebuleni mbele ya mjomba wa bwana harusi, kichwa kimefunikwa nusu, jambo ambalo msichana wao hakulifanya siku za namna hiyo. Ba akanyanyuka kidogo kwenye kiti. Rafiki yangu hakumtazama mama yake wala mgeni. Alimtazama mwalimu.

"Bibi angesema jua lilikuwa juu," akasema, "ungeniandikia ile mbaya?"

"Ningeiandika."

"Hata mama angelia?"

"Hata wewe ungelia. Nilikuambia siku ile."

Akavuta pumzi, ile pumzi niliyokuwa nikiisikia nyuma ya pazia tangu asubuhi, na akamgeukia mjomba. "Basi mimi nimeikubali karatasi yake. Nisingeikubali ya mtu mwingine. Wewe sema unavyotaka."

Nilifikiri mjomba atakasirika. Aliichukua karatasi mpya mezani, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti, mahali watu wanapotia vitu wanavyokusudia kwenda navyo nyumbani.

"Mtoto wa dada yangu ni mpole mno," akamwambia Ba. "Nilikuwa naogopa atapata mke mpole pia. Nyumba ingelala njaa, kila mmoja anamwambia mwenzake anza wewe." Akainua kikombe chake kitupu kuelekea pazia. "Kuna chai nyingine?"

Niliimimina mimi. Ilikuwa chai ya mara ya pili, nami nilikijaza kikombe mpaka ikamwagika kwenye sahani.